Kwa Nini Hakuna Kupiga Mluzi Kwenye Kambi ya Farasi

Kwenu vijana mnaoanza kazi ya farasi Agosti hii,

Kabla hamjaenda mbali, mnisamehe mwandiko. Mwalimu wangu wa darasa la nne aliwahi kuinua daftari langu mbele ya wenzangu akauliza ni kuku wa nani aliyekanyaga majivu akapita hapa. Kuandika maneno sawasawa nako kulinishinda. Niliishia darasa la nane, na mpaka leo r na l hunichenga, kama zinavyowachenga Wakamba wengi. Naandika polepole. Nikianza sentensi kuku anaingia kutaga, nikiweka nukta anatoka akitangaza.

Nimesikia kutoka kwa mpishi wa kambi kwamba mmeandikwa kazi watu sita, wengine wa huku kwetu Kanyangi, wengine wa Kambu penyewe, na kwamba mmeshauliza kuhusu kibao cha langoni. Kibao chenyewe kinasema HAPA HAKUNA KUPIGA MLUZI. Wageni hudhani ni mambo ya dini. Wengine hudhani ni nyoka. Mpishi alisema, "Muulizeni Mueni, kibao ni chake." Mueni ndiye mimi.

Nina miaka ishirini na saba, na wazee wa hapa hucheka wakisikia nimestaafu. Lakini nilifanya kazi ya farasi miaka tisa, na kilichonitoa ni vumbi la nyasi kavu. Kifua changu kilianza kupiga mluzi chenyewe, na kama mnavyoona, mluzi hauruhusiwi hapo.

Nilipofika kambini sikuwa nimewahi kumwona farasi. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nyumbani tulizaliwa wasichana watupu, kwa hivyo mimi ndiye niliyechunga ng'ombe na baba. Kanisani likatoka tangazo kwamba kambi moja ya watoto kule Makueni inatafuta watu wanaojua wanyama. Baba alinyoosha mkono kwa niaba yangu. Tulipofika nyumbani akauliza ni wanyama gani. Mama akamwambia ni mbalasi, yaani farasi kwa Kikamba.

"Mbalasi?" Baba akasema. "Wale wa Farao?"

"Hao hao."

"Si walizama?"

Farasi tuliowajua sisi ni wa kitabu cha Kutoka, wale waliotupwa baharini pamoja na waliowapanda. Baba alinisindikiza hadi Kambu akiwa bado anafikiria jambo hilo.

Mwenye kambi tulimwita Mama Ciku, kwa jina la binti yake. Ni mtu wa Murang'a aliyehamia barabara ya Mombasa na mumewe zamani, wakaanza na duka, kisha shamba, kisha farasi. Kila asubuhi kabla ya kazi tuliomba, naye aliombea kila farasi kwa jina. Siku ya kwanza aliniuliza maswali matatu, nami nikayajibu yote kwa kutikisa kichwa. Mnielewe: nilikuwa na haya ya kupita kiasi. Mueni kwa Kikamba ni mgeni, na baba alizoea kusema kwamba jina lilinishika, maana kila mahali nilikaa kama mtu anayengoja kuambiwa aende.

Mama Ciku akamgeukia mkubwa wa farasi, Mzee Kilonzo. "Huyu haongei. Atafanya kazi na watoto aje?"

Mzee Kilonzo alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu hata jua la saa saba. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mazizi ya farasi wa mbio Nairobi. Akanitazama viatu, si uso.

"Farasi hawapendi kelele," akasema. "Watoto watatuongelea."

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa.

Sasa niseme machache ya kazi, kwa sababu Mzee Kilonzo hayupo tena kuwaambia. La kwanza ni mkanda wa tandiko. Farasi mjanja akifungwa mkanda huvuta pumzi akajaza tumbo kama mtu anayepimwa suruali dukani. Wewe unafunga, unaridhika, unaondoka. Yeye anatoa pumzi na mkanda unabaki umelegea. Funga, mtembeze hatua kumi, kisha funga tena. Hili niliambiwa Jumatatu. Alhamisi mchungaji wa kanisa alikuja kubariki kambi, akaomba apande kidogo apigwe picha, nami nikafunga mara moja tu. Tandiko lilizunguka polepole, mchungaji akizunguka nalo, hadi akawa chini ya tumbo la farasi kama popo, kofia ingali mkononi. Hakupiga kelele. Alisema "Mueni" mara moja, kwa upole wa kutisha.

Mzee Kilonzo hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa hutasahau."

La pili ni kwato. Nchi yetu ni ya miiba, na mwiba wa mgunga ukiingia kwenye unyayo wa farasi asubuhi, kufikia jioni huna farasi. Inueni kila mguu kabla na baada ya kupanda. Weka bega lako begani kwake, telezesha mkono kutoka juu kwenda chini, asistuke, naye atakupa mguu mwenyewe. Ukimvuta mguu kama unang'oa muhogo, atakuegemea na uzito wote.

La tatu, farasi si punda. Sote tumekua na punda wa kubeba mitungi ya maji, kwa hivyo mikono yetu inajua punda. Mzee Kilonzo aliniona siku moja nikimsukuma farasi kwa goti ubavuni.

"Wewe, mama," akaniambia. "Punda ukimpiga anasahau jioni. Farasi anaandika."

"Anaandika?"

"Anaandika. Na hana kifutio."

Neno hilo nililisikia kama utani. Lilikuja kuwa jambo la kweli kuliko yote niliyofundishwa pale, na ndipo habari ya kibao inapoanzia.

Kulikuwa na farasi aliyeitwa Chapati. Watoto ndio waliompa jina, maana alikuwa mweupe mwenye mabaka ya kahawia, kama chapati iliyosahauliwa kidogo motoni. Alikuja kwa lori kutoka upande wa Nanyuki, mahali pa maji matamu ya mlimani. Maji ya kambi yanatoka kwenye kisima cha bomba, nanyi mnajua maji ya Makueni. Chai yake haihitaji chumvi kwa sababu imeshatiwa na Mungu. Farasi wengine walilalamika siku mbili, wakazoea. Chapati aliweka midomo kwenye hodhi, akainua kichwa, akatutazama kana kwamba kuna kosa limefanyika.

Siku ya pili hakunywa. Mzee Kilonzo akatia molasi kwenye maji. Chapati akalamba molasi iliyoshika ukingoni na kuyaacha maji. Siku ya tatu akaanza kujitazama tumbo. Farasi asiyekunywa, nyasi kavu humkwama tumboni, na farasi hawezi kutapika. Anaweza kufa kwa siku moja. Mzee Kilonzo alimtembeza asubuhi nzima, kisha akaniachia kamba aende akapige simu kwa daktari wa mifugo.

Nilibaki peke yangu na Chapati kwenye hodhi. Hapo nikafanya kitu ambacho nilikuwa nimekifanya maisha yangu yote, lakini siyo mbele ya watu.

Kwetu ng'ombe wakifika majini mchungaji huwapigia mluzi. Siyo mluzi wa kuita. Ni mrefu na mlaini, unaanzia juu na kushuka taratibu, kama mtu anayemimina maji kwenye sufuria. Ng'ombe akiusikia hutulia, huinamisha kichwa na kunywa mpaka ashibe. Visima vyetu pia vina chumvi, na baba alisema bila mluzi ng'ombe hunywa nusu. Alinifundisha kwa sababu hakuwa na mvulana wa kumfundisha. Susu, mama yake baba, hakupenda hata kidogo. Alisema msichana anayepiga mluzi anaita nyoka, na kwamba mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza wa mahari, hawatafika kwetu kamwe. Kwa hivyo nilipiga mluzi kisimani tu, na nikimwona mtu mwingine anakuja nilinyamaza.

Nikatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu. Nikampigia Chapati.

Masikio yake yalizunguka. Nikapiga tena. Akashusha kichwa polepole, akaweka midomo majini, na nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alikunywa mpaka nikachoka kupiga. Mzee Kilonzo aliporudi akakuta maji yamepungua na farasi analamba midomo.

"Umefanya nini?"

Nikainua mabega.

"Haya," akasema. "Siri ya mpishi."

Kuanzia siku hiyo kumnywesha Chapati ikawa kazi yangu. Mara tatu kwa siku, miezi na miezi, nilimpeleka hodhini, nikatazama kushoto na kulia, nikapiga mluzi. Hakuumwa tumbo tena. Akawa farasi mpole kuliko wote, ndiye tuliyempa watoto waoga na wale waliokuwa wakipanda farasi kwa mara ya kwanza. Watoto wa Nairobi hawana haya. Mmoja alinikalisha chini kabisa akaniuliza, "Sista, breki iko wapi?" Nilimwonyesha hatamu. Akasema, "Na handibreki?" Chapati alisimama kimya muda wote huo, jicho moja amelifumba.

Sikujua kwamba nilikuwa nimemtengenezea breki nyingine.

Likizo moja ya Aprili tulikuwa tumewapeleka wakubwa, wa miaka kumi na minne hivi, matembezi ya asubuhi kupitia mto mkavu. Kijana mmoja tuliyemwita Brayo alikuwa juu ya Chapati, mbele kabisa, akijisifu. Ng'ambo ya mto mzee mmoja alikuwa amechimba shimo kwenye mchanga ananywesha ng'ombe wake wanne. Akawapigia mluzi. Chapati akasimama ghafla katikati ya mwendo, akainamisha kichwa hadi kwenye mchanga. Brayo aliteleza shingoni kama mtoto kwenye bembea ya mteremko, akatua mbele ya pua ya farasi.

"Buda!" akapiga kelele. "Hii farasi imezima! Imeisha chaji!"

Wenzake walicheka mpaka wakashika matandiko. Brayo hakuumia, isipokuwa mchanga mdomoni. Mzee Kilonzo alimkagua Chapati kwato zote nne, akatafuta mwiba, akatafuta nyoka. Jioni akaandika kwenye daftari la kambi kwamba Chapati amemwangusha mtoto, sababu haijulikani.

Mimi nilijua sababu. Niliisikia ikitoka ng'ambo ya mto. Nilisimama karibu na Mzee Kilonzo wakati anaandika, na maneno yalikuwa pale pale. Ningesema: mzee, nimekuwa nikimpigia mluzi. Lakini ningelazimika kusema kwamba mimi msichana napiga mluzi, na kwamba nilificha, na Mama Ciku angeniita ofisini, na pale ofisini ningetakiwa kuongea tena. Nikasema moyoni, mto huo tutauepuka. Nikanyamaza.

Vijana, kosa la kupiga mluzi nililifanya kwa kutojua. Hili la pili nililifanya nikijua, na ndilo kubwa.

Kambi ilikuwa na sheria moja isiyobadilika. Farasi akimwangusha mtoto mara mbili bila sababu inayojulikana, hapandwi tena. Na farasi asiyepandwa hakuna anayemlisha katika nchi ya ukame. Kumuuza ni kumpa mtu mwingine hatari bila kumwambia, na Mama Ciku alikuwa Mkristo wa kweli, hakuweza. Kwa hivyo mara mbili maana yake ni daktari na sindano. Sheria hiyo ilibandikwa kwenye mlango wa stoo ya matandiko. Nilipita mlango huo mara kumi kwa siku.

Agosti ikafika. Siku ya mwisho ya juma wazazi huja kuona watoto wao wakipanda. Viti vinapangwa chini ya turubai, mpishi anapika muthokoi na pilau, wazazi wanasimama na simu zao juu. Kwenye Chapati alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja anayeitwa Mutheu, aliyeanza juma akilia akiguswa na mkia wa farasi, na sasa alikuwa akizunguka uwanja kwa mwendo wa mchakamchaka, mgongo umenyooka. Mzee Kilonzo alikuwa katikati. Mimi nilikuwa kwenye lango la uzio.

Baba yake Mutheu alikuwa mtu mnene mwenye tai, mfanyakazi wa ofisi mjini. Niliona akishusha simu ili amtazame binti yake kwa macho. Kisha nikaona midomo yake ikijikunja.

Ule mluzi ulitoka mzima. Mrefu, mlaini, kutoka juu kushuka chini. Alipiga kama mtu asiyejua kwamba anapiga.

Chapati akasimama. Kichwa kikaenda chini. Mutheu akapita juu ya shingo na kuangukia mkono.

"Aiya! Mtoto wangu!" Baba Mutheu akaruka uzio na tai yake.

Mkono ulivunjika karibu na kiganja. Walimpeleka hospitali ya Makindu kwa gari la kambi, wakarudi saa tisa na nusu, mkono umefungwa plasta. Mutheu alikuwa anauliza kama wenzake wanaweza kuandika majina yao kwenye plasta. Baba yake hakuwa na utani. Wazazi wengine hawakuwa wameondoka. Walikaa chini ya turubai wakingoja kusikia kambi itasema nini, na watoto wao wamekaa chini mbele yao.

"Mama," Baba Mutheu akamwambia Mama Ciku, "hiyo farasi ni mwenda wazimu. Imesimama bila kitu! Mimi nilikuwa naangalia. Hakuna nyoka, hakuna ndege, hakuna kitu!"

"Nimeona, baba. Pole sana."

"Pole haitoshi. Kesho itaua mtoto wa mtu."

Mama Ciku akafungua daftari mbele yao wote. "Ni mara ya pili," akasema. "Sheria yetu iko wazi. Jumatatu daktari atakuja. Chapati hatamwangusha mtoto mwingine."

Watoto wakaanza kulia, hata wale wakubwa. Brayo, aliyekuwa amerudi Agosti hiyo, akasimama. "Lakini mimi hata sikuumia!" Akaambiwa akae.

Mzee Kilonzo alikuwa amevua kofia yake ya sufu. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake. Kilikuwa kidogo, cheupe juu, na alikuwa akikikuna kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka huko.

Nilisimama. Sidhani niliamua. Nilijikuta tu nimesimama, na watu kama sitini wamenigeukia.

"Mueni anataka kusema kitu," Mzee Kilonzo akasema. Sauti yake ilikuwa na mshangao.

"Sema, mama," Mama Ciku akasema.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka chochote. Nilihesabu miguu ya viti iliyo mbele yangu, nikajaribu tena, na bado hakikutoka. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Kwa hivyo nikafanya lile ninaloliweza. Nikageuka, nikaenda zizini, nikamfunga Chapati kamba shingoni, nikamleta hadi katikati ya uwanja. Hakuna maji pale. Ni vumbi jekundu tupu. Baba Mutheu akamvuta binti yake nyuma ya kiti.

Nikakunja midomo. Ukatoka upepo tu. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama gunzi. Nikajaribu mara ya pili, upepo. Nikasikia mtoto anacheka, na mwingine anamwambia nyamaza. Brayo akaja hadi kwangu, akanipa chupa yake ya maji, akarudi kukaa. Nikanywa mafunda mawili, nikafuta mdomo.

Nikapiga.

Chapati akainamisha kichwa. Akaweka midomo kwenye vumbi na kuanza kutafuta maji, huku na huku, kwa uangalifu, kama alivyofundishwa. Nilipoacha akainua kichwa. Nikapiga tena, akainama tena. Midomo yake ilikuwa imekuwa myekundu.

Chini ya turubai Baba Mutheu akasimama taratibu, amejishika tai.

"Huo mluzi," akasema.

"Ni wa ng'ombe," nikasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza mbele ya watu. "Wa kunywa maji. Nilimfundisha mimi, alipokataa maji ya chumvi. Sikumwambia mtu."

"Nimechunga kule Ikutha mpaka darasa la saba," akasema, sijui akimwambia nani. "Ng'ombe wa baba yangu. Miaka thelathini sijaupiga." Akajigusa midomo. "Niliupiga?"

"Uliupiga."

"Sasa Daddy," Mutheu akasema na mkono wake wa plasta, "ni wewe uliniangusha?"

"Nyamaza kidogo, mami."

Ndipo watu wakacheka, kwanza Brayo, kisha wote, hata Baba Mutheu mwenyewe, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa. Wawili hatukucheka, Mama Ciku na mimi. Alingoja wamalize.

"Mara ya kwanza, ya Brayo," akaniuliza. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akamtazama Mutheu, akatazama plasta, akafunga daftari. Akasema sababu sasa inajulikana, kwa hivyo sheria haimgusi Chapati. Inanigusa mimi. Likizo mbili zilizofuata sikugusa farasi. Nilimenya viazi jikoni, na kupitia dirishani niliwaona wengine wakifanya kazi yangu vibaya. Ilikuwa haki. Mutheu alipoteza muhula mzima wa kuandika kwa mkono wa kulia kwa sababu mimi niliona haya kusema sentensi moja.

Mzee Kilonzo alijaribu kumfuta Chapati ule mluzi. Alinileta kutoka jikoni, nikapiga, naye akamsukuma Chapati aendelee kutembea, siku baada ya siku. Haikusaidia. Alichokiandika farasi kimeandikwa. Basi tukabadilisha sisi. Mama Ciku akatengeneza kile kibao. Zamani walimu wa kupanda walitumia filimbi kuwasimamisha watoto, na kwa uoga wa kukosea tukaziacha hizo pia. Ndiyo maana mtakuta kipande cha reli kinaning'inia kwenye mti karibu na uwanja, na boliti la kukigongea. Pigo moja ni kutembea, mawili ni kusimama. Wengine husema ni pambo. Si pambo.

Mengine yamebadilika pia. Mimi nilipoanza tulifunga farasi shingoni kama punda. Sasa mna kamba za kichwa zinazoachia zikivutwa. Helmeti hazikuwa zinatosha, sasa kila mtoto ana yake. Wazazi hutumiwa video jioni kwa simu, kwa hivyo mkikosea, Nairobi itajua kabla hamjala. Ni vizuri. Ningekuwa nimerekodiwa hodhini siku ya kwanza, mkono wa Mutheu ungekuwa mzima.

Huyo Mutheu alirudi likizo tatu baadaye. Alimwomba Chapati kwa jina. Baba yake alimleta mpaka langoni, akasimama chini ya kibao, akajifunga mdomo kwa kitambaa ili kila mtu aone. Tulifanya urafiki. Kila akija aliniuliza habari za ng'ombe wa baba.

Susu naye alikosea kuhusu mbuzi. Walifika, watatu, mmoja akichechemea. Mume wangu anajua kwamba napiga mluzi. Asubuhi tukinywesha ng'ombe ananyamaza ili nipige mimi, anasema wangu ni mrefu.

Ninyi mtafika kambini na siri zenu ndogo. Mtamfundisha farasi kitu bila kujua, kila mtu humfundisha. Mmoja atamkuna sikio kabla ya kumfunga mkanda, mwingine atamwimbia. Siwezi kuwakataza. Ninachowaomba ni mseme. Semeni siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama ni kwa mpishi.

Na nina ombi moja. Chapati sasa ni mzee, ana miaka zaidi ya ishirini, na mpishi anasema hapandwi tena ila na watoto wadogo kabisa, akiongozwa kwa kamba. Nilipoondoka nilimwacha akinywa mwenyewe bila kupigiwa, amezoea chumvi. Sijui kama bado anakumbuka. Siku ambayo watoto wameondoka na hana tandiko mgongoni, mmoja wenu aombe ruhusa kwa Mama Ciku, asiibe kama mimi. Ampeleke hodhini. Apige ule mluzi: anzia juu, shuka taratibu, kama unamimina maji kwenye sufuria. Msichana akiweza kupiga, apige msichana.

Kisha mniandikie. Mpishi anajua nilipo, mpeni barua yeye. Mwandiko usiwatie hofu, mmeshauona wangu. Sihitaji habari nyingi, mstari mmoja unatosha: aliinamisha kichwa, au hakuinamisha.

Mueni
Kanyangi